Mlango wa Cádiz

Miji mikongwe hufanana na wazee: hupenda kusifiwa, na wa kuisifu hawakosekani. Cádiz, bandari iliyo kusini-magharibi ya Hispania, imesifiwa mpaka sifa zake zimekuwa kama nyimbo za harusi, ambazo kila mtu huzijua na hapana ayasikilizaye maneno yake. Yasemwa kwamba ni mji wa kale kupita yote ya Ulaya ya magharibi. Kwamba ulitajirika kwa sababu watu wake walikuwa hodari. Na kwamba ndimo ulimozaliwa uhuru wa Wahispania mwaka 1812. Sifa hizi tatu zimo vitabuni, zimo katika hotuba za sikukuu, na zimo vinywani mwa wanaowaongoza wageni mitaani. Kila moja ina kweli ndani yake, na kila moja imekatwa nusu. Nusu ya kweli ina hatari kuliko uwongo mzima, kwa maana uwongo mzima hukanushwa upesi, lakini nusu ya kweli hukaribishwa sebuleni, hupewa kiti, na huzeeka humo nyumbani kama jamaa.

Bandari ni mlango, na mlango haupimwi kwa umri wa mbao zake wala kwa uzuri wa nakshi yake. Hupimwa kwa kuuliza nani alipitishwa, nani alizuiwa, na nani aliubeba mzigo ulioingia. Cádiz ikipimwa hivyo hubaki mji mkubwa. Walakini ukubwa wake huwa wa namna nyingine, na aibu yake haifichiki.

Mji umekaa juu ya ulimi mwembamba wa ardhi uliojitokeza baharini, mahali ambapo zamani palikuwa na visiwa. Magharibi yake ni Bahari ya Atlantiki. Mashariki ni ghuba iliyotulia, ambamo vyombo vya mataifa mengi vimetia nanga. Na kusini, kwa mwendo usio mrefu wa tanga, ni Afrika. Wafoinike wa Tiro, wale wanaotajwa katika Biblia kwa ufundi wa merikebu na wa biashara, waliuita Gadir, yaani boma, mahali palipozungushiwa ukuta. Wayunani wakatamka Gadeira, Warumi wakatamka Gades, Waarabu wakatamka Qadis, na kwa ulimi wa Waarabu likapita jina la leo. Hivyo mji ulioishi kwa kufungua mlango ulipewa tangu kuzaliwa jina la kufunga. Jina peke yake si hoja, lakini mara nyingine jina huona mbele kuliko mwenye kulitoa.

Sifa ya kwanza ni umri. Wasifu hurudia kwamba Gadir ilijengwa mwaka 1104 kabla ya Kristo, na mji hupenda kuitwa wa miaka elfu tatu. Tarehe hiyo haikutoka katika kumbukumbu zozote za mji wenyewe. Msingi wake ni maneno ya Velleius Paterculus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliyeuweka ujenzi wa Gades kiasi cha miaka 80 baada ya kuanguka kwa Troy. Basi umri wa mji umehesabiwa kwa vita ambavyo mashahidi wake wakuu ni washairi, na umehesabiwa na mtu aliyeandika zaidi ya miaka elfu baadaye. Wachimbuaji wa mambo ya kale, walipofukua chini ya jumba la michezo liitwalo Teatro Cómico, walikuta njia na nyumba za Wafoinike za karne ya tisa na ya nane kabla ya Kristo. Huo ni ukongwe wa kutosha kwa mji wowote. Anayeiacha karne ya tisa iliyoonekana kwa macho, akashikilia ya kumi na mbili iliyosikiwa kwa masikio, hautukuzi mji. Anautia shaka hata katika lile ambalo ni haki yake.

Hata hivyo kosa la tarehe ni dogo. Kosa kubwa ni kuuona umri wa mji kuwa ni umri wa mabwana wake. Katika jumba la makumbusho la Cádiz yamewekwa majeneza mawili ya marumaru ya Kifoinike: la mwanamume, lililopatikana mwaka 1887, na la mwanamke, lililopatikana mwaka 1980. Ni kazi nzuri, na watu husafiri kutoka mbali kuyatazama. Lakini mji haukulishwa na waliozikwa katika marumaru. Kila mwaka jodari hutoka Atlantiki kwenda kuzaa katika Bahari ya Kati, nao hupita katika mlango-bahari ulio karibu na mji huu. Tangu zamani sana watu wa pwani hiyo wamewavua, wamewakata, wamewatia chumvi, na kutengeneza kwa samaki ule mchuzi mkali ambao Warumi waliupenda na kuununua kwa bei kubwa. Riziki ya Gades ilitoka katika mikono iliyochubuliwa na chumvi, na mikono hiyo haikupata majeneza ya marumaru.

Ipo habari moja inayowahusu watu hao, nayo inaigusa pwani ya Afrika Mashariki pia. Strabo, akimfuata Posidonius, asimulia mambo ya Eudoxus wa Cyzicus, baharia wa Kiyunani wa karne ya pili kabla ya Kristo. Eudoxus alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi alisukumwa na upepo mpaka pwani iliyo ng'ambo ya Ethiopia. Huko alipata kipande cha gubeti la chombo, kimechongwa sura ya farasi, akaambiwa kuwa ni mabaki ya chombo cha watu waliotoka magharibi. Alipokipeleka Misri, manahodha walikitambua kuwa ni cha Gades. Walieleza kwamba matajiri wa mji huo huunda merikebu kubwa, na maskini huunda vyombo vidogo viitwavyo farasi kwa sababu ya sura iliyo mbele, na kwa vyombo hivyo huenda kuvua mpaka pwani za Morocco. Eudoxus akaenda Gades, akafunga safari ya kuizunguka Afrika. Strabo mwenyewe hakuisadiki habari hii, na huenda alikuwa na haki. Lakini iwe kweli au iwe ngano, ndani yake mna jambo ambalo wasifu wa mji wamelisahau. Watu wa kale walipojiuliza ni nani wa Gades aliyeweza kutupwa na bahari mbali kuliko wote, hawakumtaja tajiri wa merikebu kubwa. Walimtaja mvuvi maskini na farasi wake wa mbao.

Warumi waliupata mji mwaka 206 kabla ya Kristo, na hapo wenye vyeo wakaanza kuandikwa. Strabo huyo huyo asema kwamba Gades ilikuwa na watu 500 wa daraja la wapanda-farasi, yaani matajiri waliosimama hatua moja tu chini ya wakuu wa Rumi. Farasi za matajiri zilihesabiwa. Farasi za wavuvi hazikuhesabiwa. Mwaka 49 Julius Caesar aliwapa wenyeji wa Gades uraia wa Rumi, na mwaka 40 Lucius Cornelius Balbus, mzaliwa wa Gades, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa nje ya Italia kupata ukonsuli. Mambo haya mawili yawekwe akibani, kwa maana yatahitajiwa mbele. Mji huu uliwahi kusimama mlangoni pa wengine ukiwa mgeni, na mlango ukafunguliwa.

Karne tano na zaidi za utawala wa Waislamu, tangu mwaka 711 mpaka Alfonso X alipoutwaa mji katika karne ya kumi na tatu, hupitishwa na wasifu kwa sentensi moja, kana kwamba mji ulikuwa umelala. Kisha huharakisha kwenda kwenye dhahabu.

Sifa ya pili, basi, ni utajiri. Tarehe 25 Septemba 1493 Christopher Columbus aliondoka Cádiz na merikebu 17 katika safari yake ya pili, na safari yake ya nne, ya mwaka 1502, ilianzia hapo pia. Utajiri uliofuata uliwavuta wanyang'anyi wenye vyeo. Francis Drake alichoma merikebu katika ghuba mwaka 1587, na mwaka 1596 Waingereza na Waholanzi waliuteka mji, wakaupora na kuutia moto. Mji ukajengwa upya, na mwaka 1717 mfalme akaihamisha kutoka Sevilla kwenda Cádiz ile ofisi kuu iliyosimamia biashara yote ya Hispania na Amerika, Casa de Contratación. Tangu hapo sehemu kubwa ya fedha, sukari, kakao na rangi za Amerika iliyokwenda Hispania kwa halali ilipita katika ghuba moja na mikononi mwa watu wachache. Wafanyabiashara walijenga nyumba zenye minara ya kutazamia vyombo vinavyoingia, na zaidi ya minara 100 ya namna hiyo ingali imesimama juu ya mapaa ya mji.

Wasifu husema: itazameni kazi ya watu hodari. Methali ya Waswahili hujibu: ukiona vyaelea, vimeundwa. Fedha iliyoshushwa Cádiz ilichimbwa Potosí na Wahindi waliolazimishwa kwa zamu kuingia mashimoni. Sukari ilikatwa Cuba na Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Na uhodari wa kuuza ulilindwa na sheria iliyowazuia wengine kuuza. Ni hodari wa namna gani ashindaye mbio kwa kuwafunga wenzake miguu? Mfalme alipofungua biashara kwa bandari nyingine nyingi mwaka 1778, mji ulilalamika. Na nchi za Amerika zilipojitawala katika karne ya kumi na tisa, utajiri ulipukutika, na minara ikabaki ikitazamia merikebu zisizokuja. Kama mali ingalitoka katika uhodari, isingaliondoka pamoja na amri.

Tena si kweli kwamba Cádiz ilipokea tu matunda ya dhambi zilizotendwa mbali. Mwaka 1765 iliundwa humo mjini kampuni iliyojiita bila haya Compañía Gaditana de Negros, yaani Kampuni ya Watu Weusi ya Cádiz, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka Waafrika utumwani katika makoloni ya Hispania. Baadaye Hispania ilifanya mkataba na Uingereza mwaka 1817 wa kuikomesha biashara hiyo tangu mwaka 1820. Hata hivyo nyumba ya biashara ya Pedro Martínez, iliyokuwa na mizizi Cádiz na Havana, iliendelea nayo. Mwaka 1843 Pedro de Zulueta, mfanyabiashara wa London, alishtakiwa kwa sababu ya merikebu iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba hiyo na kupelekwa Gallinas, soko la watumwa katika nchi iitwayo leo Sierra Leone. Mahakama ilimwachilia. Atakaye kujua jinsi mji ulivyopata mapambo yake na asome habari kama hizi, kisha ayatazame tena mapambo.

Lakini sifa inayostahili kupiganiwa zaidi ni ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyo tukufu kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoumiza zaidi ikidanganywa. Mwaka 1808 Napoleon alimwondoa mfalme wa Hispania katika kiti chake. Majeshi yake yalienea nchi nzima, yakafika mpaka ukingo wa ghuba ya Cádiz, na hapo yakasimama. Mji haukuingilika. Tarehe 24 Septemba 1810 wajumbe wa Bunge, Cortes, walikutana katika kisiwa cha León kilicho jirani, na mwaka uliofuata wakahamia mjini, katika kanisa la duara dufu la San Felipe Neri. Adui alikuwa akipiga mizinga ng'ambo ya maji, na homa ya manjano ilikuwa imekwisha ua watu wengi mjini katika miaka hiyo. Katika hali hiyo wajumbe walitangaza kwamba mamlaka ni ya taifa wala si mali ya mfalme. Waliwapa watu haki ya kuchapisha mawazo yao juu ya siasa. Na tarehe 19 Machi 1812 walitangaza katiba. Kutoka katika Bunge hilo jina la waliberali liliingia katika siasa za Ulaya. Katiba yenyewe ilichukuliwa Naples mwaka 1820, na watu wa mataifa kadhaa waliifanya kielelezo. Asiyeuona ushujaa wa kazi hii ni kipofu, na hapana haja ya kubishana naye.

Haja ya kubishana ni na wale wanaoufunga ukurasa hapo. Katiba hiyo ilianza kwa kusema kwamba taifa la Hispania ni mkusanyiko wa Wahispania wote wa pande mbili za dunia. Neno "wote" ni neno zito. Kifungu cha 5 kililipunguza uzito: Mhispania ni mtu huru, pamoja na mtumwa aliyeachwa huru katika nchi za Hispania. Mtumwa aliyebaki mtumwa hakuwamo. Kifungu cha 18 kililipunguza tena: raia ni yule ambaye asili yake, kwa baba na kwa mama, ni katika nchi za Hispania. Kisha kikaja kifungu cha 22. Hicho kilisema kwamba Wahispania wanaohesabiwa kuwa na asili ya Afrika, kwa upande wowote, wameachiwa wazi mlango wa wema na ustahili. Mlango, ndilo neno lililotumiwa. Na masharti ya kuupita yalikuwa haya: mtu awe ametenda jambo kubwa kwa ajili ya nchi, au awe amepambanuka kwa kipaji, bidii na mwenendo; awe mtoto wa ndoa halali ya wazazi waungwana; awe amemwoa mwanamke mwungwana; awe na makazi katika nchi za Hispania; na awe na kazi au ufundi wenye manufaa kwa mtaji wake mwenyewe. Akitimiza yote hayo, Bunge laweza kumpa hati ya uraia.

Kifungu kilichotangulia hicho kina sauti nyingine kabisa. Kwa kifungu cha 21, mtoto halali wa mgeni mwenye makazi katika Hispania, aliyezaliwa katika nchi zake na asiyetoka nje bila ruhusa, akitimiza miaka 21 na kuwa na makazi na kazi, alikuwa raia. Hakutakiwa kutenda jambo kubwa wala kupambanuka. Maana yake ni kwamba mtoto wa Mfaransa aliyezaliwa Cádiz, hata wakati mizinga ya Wafaransa ilipokuwa ikiupiga mji, aliweza kuingia mlangoni akitembea. Na mtu ambaye babu zake walilima ardhi ya Hispania ya Amerika kwa vizazi vinane, lakini mmoja wao alitoka Afrika, ilimbidi abishe hodi, aeleze ndoa ya wazazi wake, aonyeshe mke wake na mfuko wake, kisha angoje. Katiba iliyowekwa na watu waliopigana kuukomesha upendeleo wa nasaba iliuanzisha upendeleo wa nasaba. Tena ilifanywa mjini mwa Balbus, katika mji uliopewa uraia na Rumi bila watu wake kuulizwa mmoja mmoja juu ya nyanya zao.

Wateteao wana majibu matatu, na yafaa kila moja lipewe nafasi yake.

La kwanza ni kwamba watu huhukumiwa kwa mizani ya zama zao, na zama hizo hazikujua zaidi. Jibu hili lingekuwa na nguvu kama wajumbe wa Cádiz wangalikuwa hawajaambiwa. Waliambiwa. Mwaka 1811 José Miguel Guridi y Alcocer, padri na mjumbe wa Tlaxcala katika Mexico, alileta mbele ya Bunge mapendekezo ya kuikomesha biashara ya watumwa, kuwafanya huru watoto watakaozaliwa na watumwa, na kuumaliza utumwa kwa hatua. Tarehe 2 Aprili mwaka huo Agustín de Argüelles, msemaji mkuu wa waliberali, alileta hoja mbili: kukomesha mateso katika mahakama, na kukomesha biashara ya watumwa. Hoja ya mateso ilipita kabla mwezi haujaisha. Hoja ya watumwa ilipelekwa katika kamati, na huko ikazikwa. Hoja mbili, mtu mmoja, siku moja, ukumbi mmoja. Moja ikawa sheria na nyingine ikanyamazishwa. Hapo hapana zama mbili za kusingizia. Palikuwa na chaguo, nalo lilifanywa. Argüelles mwenyewe, miezi michache baadaye, alikitetea kifungu cha 22, na wajumbe wa Amerika ndio waliokipinga. Hotuba zao zilifika mbali: watu huru wa asili ya Afrika mjini Lima walizikusanya na kuzichapisha mwaka 1812. Hao nao walikuwa watu wa zama hizo. Asemaye kwamba zama hazikujua amewatoa katika zama zao wale waliojua zaidi kuliko wote.

Jibu la pili ni shida ya vita. Hazina ya Bunge ilitegemea fedha za ng'ambo, na Cuba ilikuwa tajiri na yenye hasira. Andrés de Jáuregui, mjumbe wa Havana, alionya kwamba kuzungumza juu ya utumwa hadharani kutawasha moto kisiwani, akataka yazungumzwe faraghani. Na Francisco de Arango y Parreño aliandika kwa niaba ya wakuu wa Havana kuutetea utumwa. Shida ilikuwa ya kweli. Lakini jibu hili laonyesha bei iliyolipwa, halionyeshi kwamba haki haikuuzwa. Mtu aliyeuza shamba la yatima kwa sababu ya njaa aweza kuhurumiwa. Hawezi kusifiwa kwa kuwatunza yatima. Zaidi ya hayo, kifungu cha 22 hakikuwahusu watumwa. Kiliwahusu watu huru: maseremala, washonaji, askari wa vikosi, wakulima wenye mashamba yao. Kuwapa uraia hakungemnyang'anya bwana yeyote mtumwa wake. Sababu ilikuwa hesabu. Kifungu cha 29 kiliamuru kwamba idadi ya wajumbe ihesabiwe kwa wenyeji wenye asili ya nchi za Hispania kwa baba na kwa mama, na kifungu cha 31 kikaweka mjumbe mmoja kwa watu 70,000. Watu wa Amerika walikuwa wengi kuliko wa Hispania. Na kama wote wangalihesabiwa, Amerika ingalikuwa na wajumbe wengi kuliko Hispania. Kwa kuwafuta wenye asili ya Afrika, mizani ilirudishwa. Hivyo waliondolewa katika hesabu ili Hispania isizidiwe.

Jibu la tatu ni kwamba mlango mwembamba ni bora kuliko ukuta. Huenda ni hivyo kwa yule mmoja aliyepita. Kwa wale waliobaki nje, mlango wa namna hiyo ni ukuta uliopakwa rangi. Humfanya aliyezuiwa aonekane kwamba amejizuia mwenyewe kwa kukosa wema.

Watu waliobaki nje hawakungoja historia iwatetee. Mapema mwaka 1812 habari za yaliyosemwa katika Bunge zilikuwa zimeenea Cuba. Watumwa wengi walisadiki kwamba uhuru umekwisha kutolewa ng'ambo, na kwamba mabwana wameuficha. Maasi yakatokea katika sehemu mbalimbali za kisiwa. Aliyehukumiwa kuwa kiongozi wake Havana alikuwa José Antonio Aponte, seremala, mtu mweusi huru aliyepata kuwa askari katika kikosi cha watu weusi. Nyumbani mwake palikutwa kitabu cha picha alichokitengeneza mwenyewe, na waliomhoji walishangaa kuona humo wafalme weusi na wakuu wa kanisa wa Ethiopia. Kitabu hicho kimepotea. Kinajulikana kwa maelezo aliyolazimishwa kuyatoa mbele ya waliomhoji. Aponte alinyongwa tarehe 9 Aprili 1812, na kichwa chake kikawekwa hadharani. Tangu kutangazwa kwa katiba ya Cádiz zilikuwa zimepita siku 21. Kama kuna mtu aliyelichukua neno "wote" kwa maana yake kamili, ni huyo. Naye alikuwa na ufundi, na mwenendo, na alikuwa ameitumikia nchi. Mlango wa wema na ustahili haukumfungukia.

Yaliyofuata yajulikana. Mfalme Ferdinand VII alirudi mwaka 1814 akaifuta katiba. Ilirudishwa mwaka 1820 baada ya askari waliokusanywa kupelekwa Amerika kuasi katika nchi ya Cádiz. Na mwaka 1823 jeshi la Ufaransa liliuzingira mji tena, likamrudishia mfalme mamlaka yake yote. Waliowafungia wengine mlango walifungiwa wao. Katika miaka hiyo na iliyofuata, mamia ya maelfu ya Waafrika waliendelea kupelekwa Cuba. Utumwa ulikoma Puerto Rico mwaka 1873, na Cuba mwaka 1886, yaani miaka 75 baada ya hoja ya Guridi y Alcocer. Kila mwaka katika hiyo 75 una hesabu yake ya watu, na hesabu hiyo ni sehemu ya historia ya Cádiz kama zilivyo minara na makanisa yake.

Haifuati kwamba katiba ya 1812 ilikuwa hila tupu. Wapo wanaosema hivyo, nao wanakosea kwa upande wa pili, kwa kuwa wanawapa wafungaji wa mlango ukumbi wote na kuwasahau waliosimama humo wakapinga. Bunge hilo hilo lilikomesha kazi ya kulazimishwa ya Wahindi mwaka 1812, na likaliondoa Baraza la Kuhukumu Uzushi mwaka 1813. Utukufu wa Cádiz ni kwamba jambo la haki lilitamkwa humo kwa sauti kubwa, mbele ya watu, adui akiwa karibu. Aibu yake ni kwamba lilisikiwa na kukataliwa. Mambo haya mawili ni ya mji mmoja, na mwandishi hana ruhusa ya kuchagua moja.

Leo Cádiz ni mji wa wakazi wanaozidi 100,000 kidogo. Katika uwanja wa Plaza de España limesimama sanamu kubwa la ukumbusho wa Bunge, lililoanza kujengwa mwaka 1912, miaka 100 baada ya katiba. Mwaka 2015 lilifunguliwa daraja refu juu ya ghuba, likapewa jina la Katiba ya 1812. Jina hilo lina haki ya kukaa pale. Linalodaiwa ni dogo, nalo ni la lazima: kwamba Guridi y Alcocer atajwe popote Argüelles atajwapo, kwamba kifungu cha 22 kisomwe siku ile kinaposomwa kifungu cha 1, na kwamba jina la seremala wa Havana liandikwe katika historia ya mji ambao maneno yake aliyasadiki kuliko wenyewe waliyoyasema.

Na kwa wanafunzi wa historia, popote walipo na bandari yoyote waichunguzayo, Cádiz yatoa fundisho lisilohitaji safari. Kabla ya kuuliza mji una miaka mingapi, na aulizwe aliyehesabu ni nani, na ni nani hakuhesabiwa.